Tuzo Zenu Tumeziona: Waraka kwa Walezi wa Vijana Wanaokuja Kujitolea Makwale

Kwenu walimu, wachungaji, walezi na viongozi wote mnaowaleta vijana kujitolea katika kata yetu ya Makwale na vijiji jirani vya Kyela,

 

Nianze kwa shukrani, na naomba mzipokee kama zilivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mnakuja na jembe mkononi tangu siku ya kwanza. Madarasa mliyopiga lipu yanatumika. Vyoo vya shule mlivyochimba vinatumika. Mtoto wa miaka kumi na saba anayeacha likizo yake na kuja kubeba ndoo za zege kwenye joto la bonde la Ziwa Nyasa ana moyo, na mlezi aliyempa wazo hilo ana moyo pia. Yote nitakayoandika hapa chini yasimame juu ya neno hili.

Mimi ni mwalimu mstaafu, sasa ni mkulima wa mpunga. Vikundi vinapokuja huwa nimo miongoni mwa kinamama tunaopangiwa jiko. Kwa hiyo ninawaona vijana wenu asubuhi kabla hawajanawa uso, na ninawaona usiku mnapoketi kwenye duara lenu. Leo naomba tuzungumze kuhusu duara hilo.

Nimeona mengi mle, na mengi ni mazuri. Kuna mchezo wa kurushiana mpira wa uzi mpaka watu wote wameshikana kwa nyuzi. Kuna ule wa kufungwa kitambaa machoni na kuongozwa na mwenzako. Kuna rafiki wa siri, anayekuachia kijizawadi kitandani bila kujitaja. Kila usiku kila mmoja anataja jambo moja jema aliloliona kwa mwenzake mchana. Kijana aliyefika hapa akitazama chini, baada ya siku chache anasimama na kusema mbele za watu. Nimefundisha watoto maisha yangu yote ya kazi, na ninajua jinsi mtoto anavyoinua kichwa anapotajwa kwa jina lake kwa jambo jema alilolifanya kweli. Michezo hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuhusu nani anaketi ndani ya duara na nani anaachwa nje.

Usiku wa mwisho huwa wa tuzo. Sahani za karatasi zinaandikwa kwa kalamu za rangi: mchapakazi wa safari, mfariji wa wenzake, aliyeamka mapema kuliko wote. Kila kijana anaitwa mbele, anapigiwa makofi, anavishwa shanga, anapigwa picha. Fulana mpya zinagawiwa, zina jina la kikundi kifuani na neno Makwale mgongoni. Fundi aliyewafundisha kushika mwiko na kutumia timazi yuko palepale, amesimama na baiskeli yake pembeni ya mwanga wa taa, anasubiri malipo ya siku zake za mwisho. Saidia fundi, vijana wa hapahapa waliochota maji, kubeba kokoto na kukoroga zege nanyi bega kwa bega, wameegemea ukuta. Sisi wa jikoni tunasugua masufuria. Majina yanasomwa yote mpaka la mwisho, na hakuna hata moja la kwetu. Kisha kiongozi anatugeukia, anatabasamu, anasema anawashukuru wanakijiji wote.

Ndugu zangu, hao wote wana majina. Fundi ana jina, na jina lake mlikuwa mkiliita mchana kutwa kila ndoo ilipochelewa.

Tena, ninyi mnajua nami ninajua kwamba pale mstari wa tofali ulipopinda, fundi huyo aliubomoa na kuupanga upya jioni vijana walipokwenda kuoga, na hakumwambia mtu, ili mtoto wa watu asivunjike moyo. Sijaona sahani iliyoandikwa kwa ajili ya upole wa namna hiyo, na kama kuna tuzo moja tu ya kutolewa katika safari nzima, ingekuwa yake.

Mtu ataniambia hilo ni jambo dogo, ni furaha ya watoto usiku mmoja. Naomba atazame yaliyotokea katika jimbo la Oklahoma, Marekani, mwaka 1954. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, na wenzake waliwapeleka kambini wavulana 22 wenye umri wa miaka kama 11, mahali paitwapo Robbers Cave. Waliwagawa makundi mawili, na mwanzoni kundi moja halikujua kwamba la pili lipo. Kila kundi liliogelea, likabeba mitumbwi, likapika, likachagua jina lake. Hawa wakawa Rattlers, wale Eagles. Wakapendana, kila kundi kivyake, kama vijana wenu wanavyopendana. Ndipo wakakutanishwa kwenye mashindano, na mezani pamewekwa kikombe, medali na visu vya mfukoni kwa washindi. Haikuchukua muda bendera ikachomwa moto, mabanda yakavamiwa, na zawadi za walioshinda zikaporwa. Walezi wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha chumba kimoja na kuwaonyesha filamu pamoja. Watoto wakarushiana chakula.

Kilichowapatanisha ni shida. Maji ya kambi yaliacha kutoka na ikabidi wote wapande kulichunguza tangi na bomba lake. Lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, na makundi yote mawili yakalivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wakiitumia kushindana kuvutana. Baada ya kazi kadhaa za namna hiyo, wengi waliomba warudi nyumbani katika basi moja. Utafiti ule una lawama zake, maana watoto hawakuambiwa kwamba wanachunguzwa. Lakini kwa mlezi yeyote wa vijana funzo lake linafaa. Kupendana ndani ya kundi ni rahisi, kunakuja kwenyewe watu wakila na kulala pamoja. Kilicho kigumu, kinachohitaji akili ya mtu mzima, ni kuhakikisha mapenzi hayo hayageuki ukuta kwa walio nje. Na ukuta huo hautabomoka kwa karamu ya pamoja siku ya mwisho. Unabomolewa na kazi ambayo upande mmoja peke yake hauwezi kuimaliza.

Makwale hakuna bendera iliyochomwa, na haitachomwa. Watu wa Kyela wanamheshimu mgeni. Lakini vijana wetu wanawaita wa kwenu watu wa fulana, na wanapopita karibu na duara lenu jioni wanazungukia njia ya nyuma. Mlezi anayetazama vizuri angeliona hilo kabla sijaliandika.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mnakuja kufundishana umoja wa rika katika nchi iliyoujua umoja huo kuliko nchi nyingi duniani. Mwaka 1951 Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu kiitwacho Good Company, kinachohusu vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Yeye na mumewe Godfrey waliishi huku katika miaka ya 1930, Kyela ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Rungwe. Aliyoyaandika wazee wetu waliyaishi. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kulala na wa rika lake katika vibanda walivyojijengea wenyewe pembeni ya kijiji cha baba zao. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao kwa pamoja, na baadaye walilima mashamba ya baba zao. Wakati wa kula walikwenda kikundi kizima nyumbani kwa mama wa mmoja wao, kisha kwa mama wa mwingine, na mwingine. Vijana wale walikua, wakaoa, wake zao wakaja kuishi nao, na kibanda cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima.

Huo ndio ukwangala wa wazee wetu: kula pamoja, kuzungumza na wenzako wa rika, kunoa akili kwa mazungumzo hayo. Haukuwa mchezo wa jioni, ulikuwa ndiyo makazi yenyewe. Tena ulikuwa na makali yake. Wilson alieleza jinsi watu walivyoiogopa pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya majirani yaliyoaminiwa kumletea ugonjwa mtu aliyewakosea, kama yule anayekula nyama na wa kwake na kuwasahau waliokaa karibu naye. Sitaki kurudisha hofu ile, na kama Mkristo siiamini. Ila nasema kwamba watu wa hapa walikwisha kuwaza kwa kina kuhusu mtu anayesherehekea peke yake mbele ya jirani, na hawakuona kwamba ni jambo dogo.

Mnasema mnataka kijana atambuliwe. Wazee wetu nao walitaka. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo baba waliwakabidhi vijana wao ardhi na uongozi, na wao wenyewe wakasogea pembeni. Kutambuliwa kulimaanisha kupewa jambo zito la kubeba. Hakuna aliyeitwa mbele kwa sababu ya tabasamu lake. Vijiji vile havipo tena. Kazi za migodini, shule na mazao ya biashara viliyabadili maisha, na sisemi tuvirudishe. Lakini kijana wenu akirudi kwao na sahani ya karatasi bila kukabidhiwa wajibu wowote mpya, mmempa makofi tu.

Kizazi changu kilijifunza udugu mahali pengine, Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Waliopita kule hawahitaji kuelezwa jinsi watu wasiofahamiana wanavyokuwa ndugu kwa kukimbia alfajiri wakiimba na kulima shamba moja. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu tarehe 22 Oktoba wakipinga masharti ya utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuo karibu wanafunzi 400, na hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu watabishana milele kuhusu hatua ya kwanza. Ya pili naipenda sana, kwa kuwa mkubwa aliubeba mzigo yeye naye, hakumdai kijana peke yake. Naikumbuka kila ninapomwona mlezi aliyelala nyumba ya wageni Kyela mjini akishuka kwenye gari saa tatu asubuhi, vijana wake wamelala sakafuni darasani na wameshaamka kubeba tofali. Jioni mlezi huyohuyo anaongoza mazungumzo kuhusu mshikamano. Kama wewe si wa namna hiyo, maneno haya yapite.

Wapo waliowakataza watu kama ninyi wasije kabisa. Mwaka 1968 padri Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Kimarekani mjini Cuernavaca, Meksiko, akawaambia waje kutazama, waje kusoma, waje kupanda milima, lakini wasije kusaidia. Mimi siwaambii hivyo. Njooni. Ila mkija, mje kwetu, msije kwenu ninyi kwa ninyi mkiwa Makwale.

Ombi langu la kwanza ni chakula. Sisi wa jikoni tunapika sufuria kubwa, tunapakua, mnakula kwenye duara lenu, tunakula kwenye mkeka wetu baada ya ninyi kumaliza. Badilisheni hilo. Jioni wagaweni vijana wenu wawili wawili au watatu watatu, kila kikundi kile nyumba moja, kesho nyumba nyingine, pamoja na watoto wa nyumba hiyo. Watakula wali wetu wa Kyela ambao watu wa Dar es Salaam wanauulizia sokoni kwa jina, watakula maharage na ndizi, na siku ziwa likijalia watakula samaki mbasa. Najua mnachohofia. Mnahofia tumbo, na mnahofia usalama wa mtoto aliyekabidhiwa kwenu. La tumbo lina dawa: maji tunachemsha, na mnaweza kuja kutazama jikoni kwetu kama mnavyotazama jiko la shule. La usalama ni hofu ya haki, na kila mzazi wa hapa anayo kwa mtoto wake pia. Chagueni nyumba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, mtoto asiende peke yake, mtu mzima wenu awepo, na watoto wetu nao walindwe dhidi ya yeyote katika msafara wenu. Picha za watoto wetu msizipige mpaka mzazi amekubali. Baada ya hapo, wacheni watu wale.

Ombi la pili linahusu majira. Wengi wenu mnakuja Juni na Julai kwa sababu ndipo shule na vyuo vyenu vinapofungwa. Ndipo pia wengi wetu tunapovuna mpunga. Mnatukuta mashambani, mnaandika katika taarifa zenu kwamba mwitikio wa wananchi kwenye ujenzi ulikuwa mdogo. Mwitikio wetu ulikuwa shambani, tukivuna chakula cha mwaka na ada za watoto. Kama hamwezi kubadilisha miezi, badilisheni ratiba. Asubuhi njooni shambani nasi, tukate, tubebe, tupige mpunga, mchana sote twende kwenye ujenzi. Kisha mtaona jambo ambalo hakuna mchezo wa kambini unaoweza kulileta. Mpunga ukiwa umeanikwa kwenye maturubai na wingu likashuka kutoka milima ya Livingstone, hapo hakuna mgeni wala mwenyeji. Mvua ya huku haiombi ruhusa hata kiangazi. Kila mwenye mikono anakimbia, anakunja turubai, anabeba gunia, na mpunga ukiokolewa watu wanacheka pamoja huku wamelowa. Yule wa kwenu aliyeshika upande mmoja wa turubai na wa kwetu aliyeshika upande wa pili watakumbukana. Sherif alilazimika kuitengeneza shida ile kwa makusudi kule Oklahoma. Sisi tunayo ya kutosha, wala hatuwatozi.

Kwenye ujenzi pia mpangilio uwe mmoja. Msiwe na timu ya wageni na timu ya wenyeji, moja inapigwa picha na nyingine inakoroga zege. Changanyeni vijana tangu siku ya kwanza, na juu ya kila timu awekwe fundi, mwenye kauli ya kusema huu ukuta urudiwe, na urudiwe mchana mbele ya walioujenga. Kijana wa miaka kumi na saba hafi kwa kuambiwa amekosea. Upole wa fundi wetu nimeusifu, lakini kuficha kosa la kijana kunamnyima mafunzo aliyoyafuata.

Sasa nirudi kwenye usiku wa tuzo, maana hapo ndipo pana kazi. Siwaombi muufute. Naomba uwe wetu sote. Watu wote waliofanya kazi waketi duara moja, kwa Kiswahili, na asiyejua Kiswahili atafsiriwe yeye badala ya sisi kukaa tukisubiri kutafsiriwa. Kijana wenu asimame amseme kijana wetu jambo moja alilolifanya, siku gani, na lilimsaidia vipi. Wa kwetu naye amseme wa kwenu vivyo hivyo. Fundi awaseme wote. Mama wa jikoni aseme nani alikuja kuuliza kama kuni zinatosha. Muwe wakweli: tukio lililoonekana, lisemwe kama lilivyotokea. Ukimwambia mtu kwamba yeye ni nyota, umempa neno linalomtosha yeyote. Ukimwambia kwamba siku ile mvua ilipoharibu saruji alikwenda na baiskeli mpaka Ipinda kutafuta mfuko mwingine na akarudi usiku, hilo ni lake peke yake na atalikumbuka akiwa mzee.

Msishindanishe. Msiweke mchapakazi wa kwanza na wa pili. Watu wazima wamepoteza urafiki kwa sababu ya tuzo ndogo kuliko hizo, na kambi ya mwaka 1954 imekwisha kuwaonyesha watoto wanakofika. Baada ya maneno chezeni ngoma yetu ya ing'oma na wanaoijua. Vijana wenu wataichezea hovyo, na huo ndio utakuwa mchezo wa kufahamiana, kwa mara ya kwanza wao wakiwa wanafunzi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kutambuliwa, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Cheti cha kikundi chenu, chenye nembo na mhuri, kinamfaa kijana wenu. Anakiambatanisha anapoomba chuo au udhamini, na wanaokisoma wanajua alifika Tanzania au alifika Kyela akajenga. Saidia fundi aliyejenga ukuta huohuo hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alikuwepo. Mkiondoka anabaki yuleyule anayekaa kijiweni akisubiri kibarua. Mpeni barua. Iandikwe jina lake kamili, na kazi alizozifanya: amepanga tofali, amefunga nondo, amekoroga zege kwa vipimo, amepiga lipu. Isainiwe na fundi, na kiongozi wenu, na mtendaji wa kijiji. Barua hiyo haiwagharimu zaidi ya bei ya karatasi na wino.

Na mkitaka kwenda mbele zaidi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunza kazini anapimwa na kupewa cheti kinachotambulika na serikali. Kuna mafundi huku waliojenga nusu ya nyumba unazoziona njiani na hawana cheti, kwa hiyo hawawezi kuomba kazi zenye kudai cheti. Kabla hamjaagiza fulana na shanga za msimu ujao, ulizeni gharama za kumpima fundi mmoja. Mkirudi mwaka unaofuata mkamkuta ana cheti chake cha VETA, mtakuwa mmemtambua mtu.

Nimeacha kibao mwishoni, kwa sababu kinauma. Darasa lile mnaloandika kwamba mlilijenga, wananchi walikuwa wamelipandisha boma mpaka kwenye linta kabla hamjafika. Walichangishana. Walisomba mchanga na mawe kwa mikono. Wengine walitoa magunia ya mpunga yakauzwa kununua saruji. Ninyi mlikuja, mkasaidia kumalizia, na tunashukuru kwa dhati. Lakini kibao kilichobandikwa ukutani kina jina la kikundi chenu peke yake, na watoto wa darasa la kwanza wanajifunza kusoma kwa kusoma herufi za kibao hicho. Wanajifunza kwamba darasa lao lilijengwa na watu wa mbali. Baba zao waliobeba mawe hawasomeki popote. Naomba kibao kibadilishwe. Kiandikwe kwamba darasa lilijengwa na wananchi wa kijiji hiki kwa nguvu zao, na mwaka, na kwamba kikundi fulani kilishirikiana nao kulimalizia. Ukweli huo haupunguzi hadhi yenu.

Najua baadhi yenu mtasema mimi ni mkali kwa watu waliokuja kwa hiari yao. Niliwafundisha watoto wa Kyela miaka mingi kwa kuamini kwamba unamsahihisha yule unayemtarajia afaulu, na vijana wenu nawatarajia. Nimewaona wakilia siku ya kuondoka, na sikuwahi kudhani machozi yao ni ya uongo. Walikuwa wanalilia urafiki wao wenyewe kwa wenyewe, basi. Nataka mwaka kesho waondoke wakilia kwa ajili ya mtu wa hapa ambaye wanajua jina lake, la mama yake na kitongoji chake, na mtu huyo naye awe na sababu ya kuwalilia.

Msimu ujao, kabla hamjapanga michezo na kuchapisha fulana, mwandikieni mtendaji wa kijiji mnakokusudia kufikia. Mleteeni majina ya vijana wenu, mwombeni majina ya mafundi, saidia fundi na kinamama watakaofanya kazi nanyi, na orodha hizo mbili ziwe moja tangu mwanzo. Ulizeni mpunga utavunwa lini. Ulizeni nani ana nafasi ya kula na wageni wawili. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na barua yenu itasomwa pale mbele ya watu wote. Jibu la waraka huu lipelekeni huko, msilete kwangu, kwa sababu darasa ni la kijiji na wenye kuamua ni wao.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa mpunga,
Makwale, Kyela.